Mikono Mingi, Nati Moja: Kisa cha Wenye Malori wa Malindi

Usuli

Kisa hiki kilitokea Malindi, miongoni mwa wenye malori saba wanaoegesha magari yao katika kiwanja kimoja nje kidogo ya mji. Majina, aina ya gari na alama nyingine zinazoweza kumtambulisha mhusika zimeondolewa, na kila mtu ametajwa kwa nafasi yake tu. Maelezo yamekusanywa kutoka kwa waliokuwapo; pale kumbukumbu zao zilipotofautiana, nimeandika lile ambalo angalau wawili walilikubali.

Wengi wa wenye magari hawa wana lori moja, wachache wana mawili, na karibu yote yalinunuliwa yakiwa yameshatumika. Kazi yao ni kubeba mchanga wa Sabaki, mawe ya kuchonga ya ujenzi, na zaidi ya yote chumvi kutoka mashamba ya Gongoni na Marereni kuelekea Mombasa. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na maji yake hupenya kila mahali: hula mabomba ya breki, hugandisha nati, huharibu miunganisho ya nyaya za umeme kwenye chesisi na kutafuna springi kati ya jani na jani. Msimu wa kusi, unyevu unapozidi, lori lisiloogeshwa kwa maji baridi ya kisima baada ya safari huanza kuonyesha kutu kabla mwenyewe hajamaliza kulalamika bei ya dizeli. Matengenezo kwao basi ni sehemu ya kazi ya kila wiki, na gereji za kulipia, ambazo hudai malipo ya fundi juu ya bei ya vipuri, zingemaliza faida ya safari nzima.

Ushirika wao haukuanzishwa na mtu. Ulianza kwa kuazimana jeki, ukaendelea kwa kushikiana taa usiku, na hatimaye kila mmoja akajulikana kwa ujuzi wake: mmoja umeme, mwingine springi, mwingine injekta. Mzee wao, ambaye wote humwita Ami, alifanya kazi ya umakanika katika kampuni ya usafirishaji kwa muda mrefu kabla ya kununua gari lake mwenyewe, na kwa sababu hiyo breki na habu, yaani vitovu vya magurudumu, zimekuwa zake. Hakuna anayelipwa. Mwenye gari hununua vipuri na chakula cha mchana, na anayeangusha spana ndani ya injini hununua kahawa ya wote. Malori yao yamepewa majina ya utani ambayo siwezi kuyaandika hapa, baadhi kwa sababu ya kulinda siri na mengine kwa sababu ya kulinda adabu.

Dalili na uamuzi wa kwanza

Lori la kisa hiki lina ekseli moja ya nyuma yenye magurudumu pacha. Lilikuwa limepita ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, miezi michache nyuma na halikuwa na kasoro iliyoandikwa. Siku moja dereva aliona oili imetiririka kwenye tairi la ndani la upande wa kushoto, na akamwambia mwenye gari kwamba lori linavutwa kulia kila anapokanyaga breki. Dalili hizi mbili zinakwenda pamoja. Sili ya habu, ile pete inayozuia oili isitoke, ikipasuka, oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) huvuja ndani ya dramu ya breki na kulowesha lainingi, yaani vibao vinavyosugua dramu ili gari lisimame. Lainingi iliyolowa haishiki, kwa hiyo upande usiolowa hufunga breki peke yake na kulivuta gari.

Mwenye gari alikuwa ameahidi kubeba chumvi siku ya Jumatatu. Wapo waliomshauri afanye safari hiyo kwanza kisha atengeneze. Alikataa, na uamuzi huo ulikuwa sahihi bila mjadala. Mjadala ulizuka juu ya kiasi cha kazi. Yeye alitaka kubadilisha sili ya kushoto na lainingi za kushoto tu. Ami alishikilia kwamba lainingi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli, kwa sababu lainingi mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili zitarudisha ugonjwa uleule wa kuvuta, na kwamba habu ikishafunguliwa ni lazima beringi zikaguliwe. Alisikilizwa. Ni muhimu kulikumbuka hili, kwa kuwa kosa lililofuata halikutokana na ubahili wala uzembe wa mpango.

Siku ya kazi

Walianza Jumapili asubuhi. Magurudumu ya mbele yalizuiwa kwa mawe, ekseli ikapandishwa kwa jeki na kukalishwa juu ya magogo mazito kabla ya mtu yeyote kuingia chini. Kijana mmoja alihangaika na nati za magurudumu ya kushoto hadi akaning'inia kwenye bomba la kurefushia spana, huku wenzake wakimtazama wamekaa kimya, kwani walijua kwamba katika malori mengi ya zamani ya Kijapani nati za upande wa kushoto zina uzi wa kinyume na hufunguka kwa kuzungushwa kulia. Walipomwambia, kicheko kilisikika mpaka barabarani. Ninakitaja kicheko hiki kwa makusudi. Kitarudi katika uchambuzi.

Shafti ya ekseli ilichomolewa, nati ya habu ikafunguliwa, habu ikatoka. Beringi ya nje ya kushoto ilikutwa na madoa ya kahawia ya joto na vishimo kwenye njia ya roli. Ami aliamuru ibadilishwe yote, koni (sehemu ya ndani yenye roli) pamoja na kikombe chake (pete ya nje), kwa kuwa koni mpya ndani ya kikombe cha zamani haidumu. Beringi hiyo haikupatikana mjini. Iliagizwa Mombasa, ije kwa matatu, jambo ambalo kwa kawaida huchukua nusu siku.

Wakingojea, walikamilisha upande wa kulia, na hapa kazi ilifanywa kama inavyotakiwa. Habu ya lori la aina hii hukaa juu ya beringi mbili za mshazari, zenye roli zilizolala kwa kuinama, na nati moja kubwa ndiyo inayoamua zinabanwa kiasi gani. Nati hukazwa kwa nguvu huku habu ikizungushwa ili roli zikae mahali pake. Kisha hurudishwa nyuma kidogo. Kisha mkazo hupimwa kwa kuvuta studi (boliti) ya gurudumu kwa mizani ya ndoano na kusoma uzito unaohitajika kuianzisha habu kuzunguka. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Ikishapimwa, washa ya kufungia huwekwa ili nati isijifungue. Mizani waliyotumia ilikuwa ya ndugu wa mmoja wao anayenunua samaki ufukweni.

Beringi iliwasili baada ya alasiri. Wakati huohuo mambo matatu yalitokea. Ami aliletewa habari ya msiba wa jirani, na kwa kuwa maziko yetu hayangoji kesho, aliondoka akiwa ameeleza hatua zilizobaki kwa maneno machache. Mwenye mizani alituma mtoto kuichukua, kwa sababu mashua zilikuwa zinarudi na samaki walikuwa wa kupimwa. Na jua lilianza kushuka.

Mwenye gari aliipandisha habu na kukaza nati, akiikaza sana kama alivyoelezwa kwa hatua ya kwanza. Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa, aliweka spana chini na kwenda kuswali, akiamini kwamba mwenzake wa springi, aliyekuwa akizungusha habu, angeirudisha nati. Mwenzake naye aliamini kwamba nati ilikuwa imeshakamilika, maana mwenye gari alikuwa ameweka spana chini. Mtu wa tatu, aliyerudi na taa, aliikuta nati imekaza na washa ya kufungia iko juu ya gunia. Akaiweka washa, akafunga skrubu zake, akarudisha shafti. Walijaza oili ya difu, wakafunga magurudumu, wakalizungusha lori tupu kiwanjani na kujaribu breki. Zilishika vizuri, pande zote sawa. Wakala viazi vya karai wakaagana.

Barabarani

Jumatatu lori lilipakia Gongoni. Shehena ilikuwa ndani ya kiwango. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na mwenye gari huyu si mtu wa kuichezea. Dereva alivuka daraja la Sabaki na kusimama Malindi kwenye kituo cha mafuta, ambapo ana mazoea ya kuzunguka gari na kugusa kila habu kwa mgongo wa mkono. Habu ya kushoto nyuma ilikuwa na joto kuliko ya kulia. Alimpigia simu mwenye gari.

"Tajiri, hii habu mpya ina moto."

Mwenye gari alikuwa kiwanjani na wenzake. Simu iliwekwa sauti ya juu, na jibu likatolewa na watu kadhaa kwa pamoja: beringi mpya hupata joto mwanzoni, itazoea. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ilikuwa ya hatari. Mmoja aliongeza kwa mzaha kwamba dereva amekuwa daktari siku hizi, anapima homa za magari. Dereva hakubishana. Alisema ataendelea na kusimama tena Gede.

Alipofika Gede alinyunyiza maji juu ya habu. Yalichemka na kukauka papo hapo, na harufu ya oili iliyoungua ilikuwa imeanza. Alizima injini, akaweka pembetatu za tahadhari, akapiga simu ya pili kusema kwamba lori halitaondoka. Aliambiwa walau alifikishe Mida polepole, mahali penye nafasi zaidi. Akakataa. Barabara hapo hupakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, hapakuwa na kivuli cha kazi wala duka la karibu, na mteja alikuwa akisubiri Mombasa, bado akakataa.

Yaliyofuata yanaonyesha ubora wa watu hawa. Katika muda usiozidi saa mbili walifika wanne, na kanta moja, yaani lori dogo, iliyobeba jeki, magogo, taa na vifaa. Ami alikuja pia, moja kwa moja kutoka matangani. Vijana walitaka kupandisha ekseli vivyo hivyo na shehena yake. Ami alikataza: lori lililojaa, juu ya udongo wa kando ya barabara, halipandishwi na mtu akaingia chini yake. Lori la mwenzao mwingine liliitwa, na magunia ya chumvi yakahamishwa moja moja kwa mabega yao wenyewe hadi usiku. Aliyeibeba shehena hadi Mombasa alikataa ujira na kupokea dizeli tu.

Habu ilipofunguliwa, beringi ya nje ilikuwa imegeuka rangi ya bluu, kizimba chake kimeanza kupasuka, sili imeungua, na lainingi mpya za upande huo zimelowa oili. Bomba la ekseli lenyewe lilisalimika. Kwa mujibu wa Ami, safari ikiendelea mpaka Kilifi beringi ingeshikana na bomba, na kutoka hapo gurudumu linaweza kuiacha ekseli.

Hesabu barazani

Jioni iliyofuata walikaa. Mwenye gari hakumdai mtu. Mtu wa springi alisema gharama ni zake, kwa kuwa ndiye aliyesimama mwisho karibu na nati. Ami alisema ni zake, kwa kuwa aliondoka. Wengine hawakukubali hata kimoja, na baada ya kahawa ya pili wakaafikiana kuchanga wote sawasawa, mwenye gari akiwa mmoja wao.

Maafikiano hayo yalikuwa ya kiungwana, na kwa maoni yangu nusura yalifukie jambo lenyewe. Kila mtu alipotoa fungu lake, hakukuwa tena na sababu ya kuuliza ni hatua gani iliyorukwa na ilirukwa wapi. Aliyeuliza ni dereva, ambaye hana lori na hakuombwa mchango. Aliuliza swali moja: nani aliirudisha ile nati? Ukimya uliofuata ndio uliowafanya waanze kupanga upya mfuatano wa jioni ile, kama nilivyousimulia hapo juu.

Uchambuzi

Upande wa kiufundi hauna fumbo. Beringi ya mshazari iliyobanwa kupita kiasi haina nafasi ya utando wa oili kati ya roli na njia yake. Msuguano hutoa joto, chuma hupanuka, na kupanuka huko huongeza mbano, kwa hiyo tatizo hujikuza lenyewe kadiri gari linavyokwenda. Jaribio la kiwanjani lisingeweza kulifichua, kwa sababu lori lilikuwa tupu na lilizunguka mita chache. Jaribio lililofaa lilikuwa mwendo wa kilomita kadhaa na kugusa habu zote mbili, kulinganisha. Vilevile, kukaza kwa kukadiria kwa mkono kunaweza kumtosha fundi aliyefanya kazi hiyo mamia ya mara. Kwa mwingine yeyote mizani ni ya lazima, na kazi ilipaswa kusimama mizani ilipoondoka.

Upande wa watu ndio mgumu zaidi. Mmoja wao aliniambia kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali ni nzuri, ila haikiingii kisa hiki. Jioni ile hapakuwa na manahodha wengi. Hapakuwa na hata mmoja. Ami alipoondoka hakumtaja wa kushika nafasi yake, na hakuna aliyethubutu kujitaja, kwa sababu miongoni mwa marafiki wa rika moja kujitwalia usimamizi huonekana kuwa ni kujikweza.

Heshima nayo ilifanya kazi yake. Ami alieleza hatua haraka, mguu mmoja tayari njiani. Mwenye gari hakuwahi kukaza nati ya habu maishani mwake, na alikiri hivyo baadaye. Lakini kumwambia mzee anayekwenda maziko kwamba hukuelewa, mbele ya wenzako, ni jambo zito. Akaitikia. Ami, kwa upande wake, alikuwa amewaona vijana hawa wakitazama kazi hiyo miaka yote, akadhani kutazama kumewatosha. Sidhani kwamba dawa ni kupunguza heshima. Ami angeweza kuuliza yeye, "Hebu nieleze utakavyofanya," na kijana angejibu bila fedheha, maana kumjibu mkubwa hakumvunjii mtu adabu.

Kisha kuna utani. Ni utani unaowafanya wanaume hawa wakae juani kutwa nzima wakifanya kazi isiyo na malipo, na ningesita kumsikiliza anayetaka kuuondoa. Lakini kicheko kilekile kilichompata kijana wa nati za kinyume asubuhi ndicho kilichompata dereva kwenye simu siku ya pili. Cha kwanza kilimfundisha mtu asiyejua. Cha pili kilielekezwa kwa mtu aliyekuwa na mkono wake juu ya chuma cha moto, kutoka kwa watu waliokuwa kilomita kadhaa mbali. Dereva ni mwajiriwa. Angeweza kuogopa kupoteza kazi na kuendesha hadi Kilifi. Kwamba aliikataa amri mara mbili, kwa upole na bila matusi, ndilo jambo lililookoa lori na pengine watu wengine barabarani.

Yaliyofanikiwa si machache: kukataa safari kabla ya matengenezo, kubadilisha lainingi pande zote mbili, kushusha shehena kabla ya kupandisha ekseli, na zaidi ya yote mazoea ya dereva ya kugusa habu. Kasi ya uokoaji isingepatikana kwa pesa mahali popote kati ya Malindi na Mombasa kwa usiku ule. Hata hivyo ushirika uleule unaokusanya watu wanne kwa saa mbili ndio uliofanya kila mmoja jioni ile aamini kwamba mwenzake ameshafanya, kwa sababu kumhakiki rafiki kulionekana kama kumtilia shaka.

Yaliyobadilika

Walinunua mizani yao wenyewe, ikaandikwa kwa rangi isichanganywe na ya samaki. Kila kazi ya breki, usukani au magurudumu sasa ina msimamizi mmoja anayetajwa kabla ya kufungua nati ya kwanza, na hawezi kuwa mwenye gari, kwa kuwa mwenye gari ndiye mwenye haraka. Msimamizi huweka alama ya chaki kwenye kila nati aliyoihakiki mwenyewe. Walikubaliana pia kwamba neno la dereva aliyesimama barabarani halipingwi kwa simu. Atakayelipinga aende mwenyewe akaguse.

Alama za chaki zimedumu, labda kwa sababu zimegeuzwa kuwa utani mpya. Kanuni ya kusimamisha kazi msimamizi anapoondoka imevunjwa zaidi ya mara moja, hasa mwezi wa Ramadhani, saa za kukaribia futari. Mtu wa springi aliacha kuja kwa wiki kadhaa, na hakuna aliyemfuata nyumbani, kosa ambalo mimi naliona kubwa kuliko la nati. Alirudi lori la mwenzake lilipokatika jani kuu la springi na hakukuwa na mwingine wa kulitengeneza.

Jambo moja halijaafikiwa. Ami anataka vali za breki za upepo, sanduku la usukani na uchomeleaji wa chesisi zitolewe kabisa kiwanjani na kupelekwa kwa mafundi wenye vifaa vya kupimia. Wawili wanamuunga mkono. Wengine wanasema kwamba gereji nazo hukosea, na kwamba gereji haitakuja Gede usiku kubeba magunia. Mimi niko upande wa Ami kuhusu usukani na vali, kwa kuwa kasoro zake hazitoi joto wala harufu ya kumtahadharisha dereva. Kuhusu uchomeleaji sina msimamo mkali kama wake, mradi nyaya za betri zichomolewe kwanza na chesisi ikwanguliwe chumvi yote kabla ya moto kuwashwa.